Venye natoa kilomita 22 kwa lita na Aqua, Nakuru hadi Kisumu

Shemeji yangu wa Kisumu alinunua Toyota Aqua, ile gari ya haibridi, yaani petroli na stima pamoja, na hata wiki mbili hazijaisha akanipigia simu analalamika ati ameuziwa gari mbovu, mbona inakula mafuta kama pikapu. Nikamuuliza anaiendesha aje. Akajibu akijisifu kabisa, "Shemeji, mimi hata petroli siigusi, nimebonyeza kitufe cha EV tangu asubuhi, nazunguka Milimani na stima tu." Nilicheka mpaka nikaweka simu chini.

Hilo kosa si lake peke yake. Hizi haibridi tunazoletewa kutoka Japani, Aqua, Fielder haibridi, Prius, Honda Fit, Vezel, Note e-Power, nyingi hazichomekwi kwa soketi popote. Stima yote iliyo ndani ya betri ilitoka kwa petroli uliyonunua sheli, ama ilirudishwa gari ikipunguza mwendo, na huo mwendo wenyewe si ulinunuliwa na petroli? Na betri yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ya Aqua ni volti 144 na uwezo wake haufiki hata yuniti moja ya stima, ile yuniti unanunua na tokeni nyumbani, na kompyuta ya gari haikuruhusu uitumie yote, inabakisha kiasi chini na nafasi juu ndio betri isiharibike. Sasa ukizunguka na EV mpaka ikaisha, injini itawaka tu irudishe kile ulichokula, na kila mara petroli ikigeuzwa stima halafu stima igeuzwe mwendo kuna kiasi kinapotea njiani. Umelipa ushuru mara mbili kwa barabara moja.

Kwa hivyo achana na kukimbiza ile taa ya EV. Kazi yako ni mbili tu, usiitupe nguvu kwa breki, na ukiitupa hakikisha betri ina nafasi ya kuidaka. Haya mengine yote chini ni njia za kufanya hivyo. Mimi naishi Nakuru na kila baada ya wiki mbili hivi nashuka Kisumu, na gari ni Aqua ya kawaida, kwa hivyo mifano itakuwa ya hapo.

Kwanza: pima, usiamini dashibodi

Usianze kubadilisha chochote kabla hujajua uko wapi. Nenda sheli, mwambie kijana ajaze mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na asimame hapo, si ile ya "boss tumalizie iwe elfu nne kamili" anaongeza kidogo kidogo mpaka mafuta yanaonekana mdomoni. Rudisha tripu A, ile mita ya kilomita za safari, iwe sifuri. Endesha kama kawaida mpaka tangi ifike nusu ama chini ya hapo, rudi sheli ile ile na kama inawezekana pampu ile ile, jaza vile vile, halafu gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Yangu ya mwisho ilikuwa kilomita 412 na ikameza lita 18.6, hiyo ni 22 na kidogo. Dashibodi siku hiyo ilikuwa inasema 24. Yangu huwa inajipendekeza namna hiyo, na watu wengi naongea nao wanasema zao pia.

Nunua kitabu kidogo cha shilingi ishirini uweke kwa dashibodi, andika tarehe, kilomita, lita, na neno moja la safari ilikuwa aje: mvua, mjini, watu watano, mzigo. Hiyo safu ya mwisho ndio itakufunza kuliko hizi hesabu zote.

Na usijilinganishe na ile namba ya Kijapani. Aqua ilipotoka Desemba 2011 iliandikwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo chao cha JC08, na baadaye wakaifikisha 37. Hicho kipimo kilifanyiwa ndani ya nyumba kwa mashine, hakuna mlima wa Sachangwan huko, hakuna matuta, hakuna shangazi na kuku wawili kwa buti. Ukitoa 18 mpaka 20 ukiwa mjini na 22 ama zaidi safari ndefu, gari yako iko sawa.

Pili: vitu vya kuangalia gari ikiwa imesimama

Upepo wa tairi. Fungua mlango wa dereva, kwa ile nguzo kuna stika imeandikwa presha ya mbele na ya nyuma, fuata hiyo, si ya kijana wa upepo ambaye kila gari anaweka 35 bila kuuliza. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, juu ukishaendesha upepo unapanda na geji itakudanganya. Mimi huongeza pointi mbili juu ya stika nikiwa na safari na watu, basi. Kuna watu wanajaza mpaka 42 ati gari iteleze vizuri, kweli itateleza, mpaka siku utateleza nayo Kericho saa tisa alasiri mvua ikinyesha, na mnajua Kericho mvua ya alasiri haina siku ya mapumziko. Halafu zile rimu kubwa za urembo na tairi pana, hizo ni kilomita unazitoa mfukoni kwa hiari yako.

Oili. Kwa kifuniko cha oili cha Aqua pameandikwa 0W-20, hiyo ni oili nyepesi sana na injini imetengenezewa hiyo, juu inazima na kuwaka mara mia kwa siku na inataka kitu kinachopanda haraka. Mimi nilipeleka gari gereji moja hapa Nakuru nikaiacha nikaenda kazi, kurudi nikakuta fundi ameweka ile nzito ya matatu za zamani, ati "hii ndio inashika injini vizuri mkubwa, hii ingine ni maji." Sikubishana, nililipa nikaenda. Kitabu changu kinaonyesha mwezi huo nilishuka kutoka 21 hadi 19 bila kubadilisha kitu ingine chochote. Siku hizi nanunua oili mwenyewe na nasimama hapo mpaka imwagwe.

Breki zinazoshika. Hii wengi hawaijui. Haibridi hutumia breki za kawaida mara chache, juu mota ndio inapunguza mwendo mara nyingi, sasa zile pini za kalipa zinakaa bila kazi zinashika kutu na vumbi, na pedi inabaki imegusa diski hata ukiachilia. Jaribu hivi: endesha kilomita kumi barabara wazi bila kufunga breki sana, simama taratibu, shuka, weka mkono karibu na kila rimu. Kama moja inatoa joto kuliko zingine, hapo kuna breki inavuta. Kusafisha na kupaka grisi ni kazi ya nusu saa.

Plagi, filta ya hewa, alaimenti, hizo mnazijua, fanya kama gari yoyote. Na toa ile mizigo ya buti. Keria ya juu kama haina kitu, ifungue.

Tatu: tundu la betri, tafadhali

Hapa nitakaa kidogo juu nimeona gari nyingi zikiuawa na kitu kidogo.

Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Inama huko nyuma, chini ya kiti upande mmoja, utaona tundu lenye wavu wa plastiki. Kuna feni ndogo ndani yake inavuta hewa. Ile hewa unayopumua wewe ndio betri inapumua, na vumbi lako ndio vumbi lake.

Siku moja tukienda Kisumu tukasimama Mau Summit tukanunua viazi, gunia nzima, na kwa sababu buti ilikuwa imejaa tukalisimamisha kwa sakafu ya nyuma likaegemea kiti. Safari ikaendelea. Tumeshuka Awasi jua kali, nasikia kitu nyuma kinavuma kama kausha nywele ya saluni. Nikadhani ni dirisha. Mke wangu akasema si dirisha, ni chini yangu hapa. Tukifika Ahero nikaona pau za betri zinashuka haraka na kupanda haraka, injini haizimi hata tukisimama. Nilipopaki pembeni nikaangalia, gunia limeziba lile tundu lote, na wavu wenyewe umejaa vumbi jekundu la Njoro na nywele za mbwa kama blanketi. Ile safari ilinipa 17. Hakukuwa na taa yoyote ya onyo, gari iliumia kimyakimya.

Kwa hivyo: usiweke gunia, mkoba wala leso ya mtoto hapo. Kila miezi mitatu, ama kila mwezi kama unapita barabara ya vumbi, chomoa ule wavu na filta yake kama iko, pulizia na upepo ama tumia brashi ya meno kavu, rudisha. Feni yenyewe ndani kama imejaa uchafu mpelekee fundi anayejua haibridi, wewe usiingie zaidi ya hapo, na nyaya yoyote ya rangi ya machungwa kwa hizi gari usiiguse kabisa, hiyo haina mzaha. Ukiwa Kisumu paki kivulini. Betri za aina hii hazipendi joto, na gari iliyoshinda juani pale stendi inakuwa tanuri ndani, na hiyo hewa ya tanuri ndio unaambia feni ipozee betri. Ukiingia fungua madirisha yote mita mia mbili za kwanza ndio uwashe AC.

Nne: asubuhi ya Nakuru

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na asubuhi kuna baridi. Ukiwasha gari, injini itawaka yenyewe hata kama betri imejaa, juu inataka kupata joto, na hapo inakunywa. Usisimame kwa geti dakika kumi ukingoja ipate moto, huo ni mtindo wa gari za zamani, hapo unatoa kilomita sifuri kwa lita. Washa, ngoja sekunde chache, toka taratibu, endesha polepole kilomita ya kwanza na ya pili mpaka injini ianze kujizima yenyewe ukisimama. Hiyo ndio alama kwamba imepata joto.

Safari fupi ndio adui. Kupeleka watoto shule kilomita mbili, kurudi, gari ipoe, saa nne uende soko, ipoe, saa nane uende benki, kila mara unalipia joto upya. Panga uende mara moja. Jirani yangu hapa Section 58 analia gari yake inatoa 13, na gari haijawahi kupita daraja la reli tangu Januari.

Tano: mguu, mjini

Kwa dashibodi ya Aqua kuna ule mstari wenye sehemu tatu, mwanzo CHG (kuchaji), katikati ECO, mwisho PWR (nguvu). Huo ndio mwalimu wako, si ile skrini ya mishale inayoonyesha nguvu inatoka wapi kwenda wapi peke yake.

Kuondoka: usiogope kukanyaga kidogo. Watu wanadhani kuondoka kama kinyonga ndio kuokoa, wanatambaa na stima kutoka Kenyatta Avenue mpaka Free Area gari ishirini nyuma zikipiga honi, halafu betri inaisha na injini inawaka kuichaji wakiwa wamesimama kwa jamu. Ondoka na injini, mstari ukae mwisho wa ECO bila kuingia PWR, ufike spidi yako, halafu achilia mafuta kabisa kwa sekunde moja. Injini itazima. Sasa gusa tena kidogo sana, kama unagusa yai, mpaka kwa skrini mishale yote ipotee: si betri inatoa, si betri inapokea. Gari inateleza tu na nguvu ulizoshanunua. Ikishuka kutoka 55 mpaka 45 hivi, rudisha na injini tena. Kupandisha na kuteleza, kupandisha na kuteleza. Ile barabara tambarare ya Ahero kuja Nyamasaria ukikuta haina magari mengi ni uwanja wa kujifunzia hii kitu.

Kusimama ndio penye pesa. Ukiona jamu ya Kondele kwa mbali, achilia mafuta mapema, gusa breki kidogo na mapema, mstari ukae ndani ya CHG. Hapo mota inageuka jenereta na kile kingekuwa moto kwa diski kinarudi kwa betri. Ukikanyaga kwa ghafla, mota haiwezi kumeza yote mara moja, breki za kawaida zinaingia na hiyo nguvu imekwenda hewani. Matuta pia hivyo hivyo, na nchi hii kwa matuta tumebarikiwa. Dereva anayeona mbali ndio anakula kidogo, si anayeendesha polepole.

Kwa jamu ukisimama acha gia kwa D na mguu kwa breki, ama P kama ni muda mrefu. Usiweke N (frii). Kwa N betri haichajiwi, na ukikaa hivyo muda mrefu inaisha huku injini inanguruma bure.

Kitufe cha ECO MODE washa tu mjini, kinalainisha mguu wako na kupunguza AC kidogo. Ukitaka kuovateki kizime, usalama kwanza.

Sita: mlima, na mahali pekee natumia EV

Nakuru kwenda Kisumu unapanda kwanza, Salgaa, Sachangwan, mpaka Mau Summit, hapo umepanda zaidi ya mita 500 kutoka mjini. Unakata kushoto, Londiani Junction, Kedowa, Chepseon, Kericho, barabara inapanda na kushuka kwenye majani chai. Halafu kutoka Kericho ni Kapsoit na kushuka mpaka Awasi na Ahero kwenye mpunga, na Kisumu yenyewe iko kama mita 1,130 tu. Ukiiangalia hivyo unaona Kisumu iko chini ya Nakuru kwa mita 700 na zaidi, kwa hivyo kwenda lazima upate namba nzuri kuliko kurudi. Usijisifu na ya kwenda. Jumlisha zote mbili.

Kupanda: acha injini ifanye kazi yake. Usijaribu kuibana iwe na stima kwa mlima, haitaweza. Weka mstari mwisho wa ECO, ubaki hapo, na kama spidi inashuka kutoka 80 mpaka 60 iache ishuke, panda upande wa kushoto nyuma ya trela ukiacha nafasi. Kupigania 90 kwenye mlima wa Sachangwan ndio kunakula faida ya safari, na betri itakuwa imetoka mpaka pau mbili kabla hujafika juu, hapo injini inabeba gari na kuchaji kwa wakati mmoja, utasikia inalia.

Sasa hapa ndio siri yangu. Ukiingia Kericho mjini kuna matuta na magari mengi, unaenda 20, 30. Mbele yako kuna mteremko. Kama betri imejaa, ule mteremko hauna mahali pa kuweka nguvu zake, utazitupa. Kwa hivyo hapo Kericho, na hapo tu, mimi hubonyeza EV kwa makusudi nipite mji na stima mpaka betri ibaki pau tatu ama nne. Nikitoka mji nianze kushuka, kila kona inanirudishia bure. Nikifika Awasi betri imejaa na sijawasha injini sana. Kile kitufe kinakubali tu kwa mwendo mdogo, ukipita kama 40 kinajizima, kwa hivyo mjini ndio mahali pake.

Kurudi ni kinyume, unapanda kutoka Kisumu mpaka Mau Summit kisha unashuka Sachangwan, na ule mteremko ni mkali na mrefu. Betri itajaa pau zote nane mapema. Ikishajaa weka gia kwa B. Injini itanguruma kwa nguvu kama imepagawa, usishtuke, haichomi petroli hapo, inazungushwa tu ili ishikilie gari, na breki zako zinabaki baridi. Ukifika tambarare rudisha D, B si ya kila siku, kuna watu wanaendesha na B mji mzima wakidhani ni ya "betri".

Na tafadhali, usitie frii kwa mteremko ati gari iteleze. Salgaa tumezika watu wa kutosha kwa sababu ya malori yaliyotiwa frii. Na kwa haibridi hata haina faida, juu ukiwa kwa N betri haipati kitu.

Saba: spidi na AC, haraka haraka

Upepo unaopinga gari unapanda kwa mraba wa spidi. Kutoka 80 mpaka 110 huo upinzani unakaribia kuwa mara mbili. Na kwa haibridi ni mbaya zaidi juu barabara kuu hakuna kusimama, kwa hivyo hakuna cha kurudishwa, unabaki na injini ndogo ya cc 1,500 inasukuma hewa. Mimi hukaa 80 hadi 85. Nakuru mpaka Kisumu ni kama kilomita 180 na kitu, na vile malori yalivyo, yule aliyenipita kwa kasi Londiani Junction huwa namkuta Kapsoit ananunua mahindi ya kuchoma.

AC ya Aqua inaendeshwa na stima, si mkanda wa injini, kwa hivyo inakula betri hata umesimama. Weka digrii 25, 26, si 18. Mwendo mdogo mjini fungua dirisha, barabara kuu funga dirisha uwashe AC kidogo. Lakini Kisumu mchana usijitese, kumbuka betri pia inapumua hiyo hewa. Hapo AC inajilipa.

Kama yako si Aqua

Fit na Vezel haibridi za kizazi kile kilichotoka 2013 zina giaboksi ya klachi mbili, na hiyo haipendi kutambaa. Kwa jamu acha nafasi mbele iongezeke kidogo, halafu songa mara moja, usiwe unasukuma nusu mita nusu mita, klachi inapata moto. Note e-Power ni kitu tofauti, injini yake haigusi magurudumu kabisa, ni jenereta tu, kwa hivyo mjini ni tamu na ukiachilia mafuta inajishika yenyewe, lakini barabara kuu kwa 100 utashangaa venye inakunywa, juu kila kitu lazima kipitie stima kwanza.

Mwisho: tangi

Tangi ya Aqua ni lita 36. Kwa 20 kwa lita hiyo ni kilomita 720 kwa karatasi, lakini hesabu 600 uwe na amani. Ile namba ya kilomita zilizobaki kwa skrini inahesabiwa na venye umekuwa ukiendesha karibuni, kwa hivyo ukiteremka kutoka Kericho itakuonyesha maajabu, halafu siku ya kupanda kurudi itaporomoka. Usipange nayo. Bei ikibadilishwa na EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, tarehe 14, Nakuru huwa nafuu kidogo kuliko Kisumu, kwa hivyo mimi hujaza kabla ya kutoka na narudi na hiyo hiyo.

Lakini usiache iishe kabisa. Kwa gari ya kawaida ukiishiwa unatuma boda na mtungi, unamimina, unawasha. Kwa hizi, injini haina stata ya kawaida, inawashwa na ile betri kubwa. Petroli ikiisha gari itaendelea kusonga na stima na utajaribiwa kuendelea, "wacha nifike tu sheli ile ya mbele." Ukiimaliza betri hiyo, hata ukileta lita ishirini haitawaka, na kuwashia kwa betri ya jirani hakusaidii, hiyo inaamsha ile ndogo ya volti 12 peke yake. Utaitiwa lori la kubeba gari. Mara tu unaposikia injini imekataa na taa zimejaa dashibodi, toka barabarani, simama, zima.

Shemeji alinitumia picha ya kitabu chake wiki iliyopita: kilomita 388, lita 19.1, na kwa ile safu ya mwisho ameandika "EV Kericho tu".